Mazungumzo ya Afya: Kujiandaa kwa Upasuaji wa Ngiri



Ngiri ni miongoni mwa maradhi ambayo watu huyavumilia kupita kiasi. Mkulima huona uvimbe kinenani, ukitoka anapoinua gunia na kurudi ndani anapolala. Kwa kuwa hauumi sana, au kwa kuwa ameahidiwa dawa ya mitishamba, mwaka hupita, na mwingine pia. Lakini hakuna dawa ya kunywa inayoziba tundu lililo katika ukuta wa tumbo. Tundu hilo hushonwa, na mara nyingi huimarishwa kwa wavu maalumu. (Busha ni jambo jingine, ni maji yanayojikusanya kwenye pumbu, ingawa mitaani majina haya huchanganywa.)

Hatari ya kuchelewa ni utumbo kunaswa katika tundu na kukosa damu. Uvimbe ukigoma kurudi, ukauma, na mgonjwa akaanza kutapika, afikishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Aliyepangiwa tarehe ana nafasi ya kujitayarisha. Anayevuta sigara aache mapema, walau wiki 4 kabla, kwani moshi huchelewesha kidonda kupona na huamsha kikohozi, na kila kikohozi huvuta nyuzi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aende na dawa zake zote, vidonge na mitishamba, azionyeshe. Daktari ndiye atakayesema ipi iendelee na ipi isimamishwe, hasa zile zinazozuia damu kuganda. Usiku wa kuamkia upasuaji aoge kwa sabuni, wala asijinyoe kwa wembe, maana michubuko midogo ni mlango wa vijidudu.

Linalofichwa zaidi ni chakula. Kwa kawaida mtu mzima huacha kula saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu huyaacha saa 2 kabla, isipokuwa ameelekezwa vinginevyo. Chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula, uji vilevile. Katika nusu kaputi koo hulegea, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, jambo linaloweza kuua. Hata anayechomwa ganzi ya mgongoni hufunga, kwa sababu huenda ikalazimu alazwe usingizi. Ndugu aliyempa mgonjwa kikombe cha uji kwa huruma, kisha akanyamaza, amemweka hatarini bila kukusudia. Aseme. Upasuaji utasogezwa mbele, basi.

Mgonjwa asichoke pia kuulizwa jina lake na upande wa uvimbe, kulia au kushoto, mara mbili tatu na watu tofauti. Huo ni ukaguzi wa usalama uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2008.

Baada ya upasuaji, mgonjwa huinuliwa na kutembezwa mapema, ili damu isigande miguuni. Akikohoa, akandamize kidonda kwa kiganja. Nyumbani hakuna sababu ya kumnyima mayai, maharage wala samaki; mwili unajenga nyama mpya. Matunda, mboga na maji ya kutosha humwepusha na kukenya chooni, na tabia hiyo ya kula yafaa iendelee hata kidonda kikishasahaulika.

Kidonda kibaki kikavu na safi. Unga wa kapsuli, majivu na dawa ya meno visikiguse. Kazi nzito isubiri wiki 4 hadi 6, kwa kadiri daktari atakavyoelekeza. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na hapa ndipo familia hupimwa: nani atachota maji, nani atalima palizi ikifika. Jambo hilo lizungumzwe kabla ya tarehe ya upasuaji, si baada yake.

Homa, usaha, kidonda kufumuka, mkojo kuziba, mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana ni sababu za kurudi hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.