Zoezi la Mtu Anayekaa Kwenye Usukani

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afya yaliyotolewa katika steji ya matatu mjini Mombasa kwa madereva, makanga na wafanyabiashara wa karibu, baada ya pilikapilika za asubuhi.



Mazungumzo haya yanaanzia ndani ya basi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari mmoja wa Uingereza aitwaye Jerry Morris alikuwa akitafuta sababu ya watu wengi kuugua moyo nchini mwake. Akawaangalia wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa mbili. Kila basi lilikuwa na dereva na kondakta. Wote wawili walilipwa na mwajiri mmoja, waliishi katika mitaa inayofanana na kuvuta moshi ule ule wa mji. Tofauti ilikuwa moja. Dereva alikaa kwenye kiti tangu anaingia kazini hadi anatoka, na kondakta alikuwa akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, vipandio kati ya 500 na 750 kwa siku.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1953. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Waliougua, waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi, na kifo cha ghafla kiliwapata zaidi madereva. Watu wakauliza, je, si kwa sababu wanene ndio wanaopenda kazi ya udereva? Swali hilo lilikuwa la haki, na Morris mwenyewe alilifuatilia kwa kuchunguza vipimo vya sare zao. Ni kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi. Lakini hata alipolinganisha wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, kondakta bado alikuwa na nafuu. Akaenda pia kwa watu wa posta, na wale waliotembea kugawa barua wakawa na afya ya moyo bora kuliko makarani waliokaa ofisini. Morris mwenyewe aliishi hadi mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99.

Jambo la kuliangalia hapo ni kwamba makondakta wale hawakuwa wakifanya mazoezi. Hakuna aliyewahimiza, hakuna aliyenunua viatu, hakuna aliyeamka na kujilazimisha. Ngazi zilikuwa ndani ya kazi, na tiketi isingejikata yenyewe.

Sasa chukua dereva wa njia ya Bamburi, mwenye miaka 46. Anaamka saa kumi za usiku, gari linatoka kabla ya jua, na mpaka anapomwachia mtu wa skwodi ameshakaa saa kumi au kumi na mbili. Siku moja anapimwa presha, inasoma 150 juu ya 95. Anaambiwa apunguze chumvi, arudi kupimwa tena, na afanye mazoezi. Neno hilo la mwisho analichukua kwa nguvu zote. Anapita Kongowea kununua viatu vya mitumba, na Jumatatu anamfuata jirani yake ambaye amekuwa mkimbiaji tangu shuleni. Wanakimbia kilomita tano. Jumanne anarudia. Jumatano goti limevimba. Alhamisi kuna tripu ya mapema. Ijumaa mvua. Jumamosi anajiambia kwamba mazoezi si ya watu kama yeye, na viatu vinakwenda kwa mtoto wa dada yake.

Si haki kumwita mtu huyu mvivu. Mvivu haamki saa kumi za usiku miaka ishirini mfululizo. Kosa ni kwamba alivaa zoezi la mtu mwingine, kama anayevaa kanzu ya nduguye mrefu kisha akashangaa inamkwaza.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kujishughulisha kwa kiasi, au nusu yake zikiwa za nguvu zaidi, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. "Kwa kiasi" maana yake ni mwendo ambao mtu anaweza kuongea na mwenzake bila shida, lakini hawezi kuimba. Akiweza kuimba, aongeze mwendo kidogo. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze.

Mwongozo huo una jambo jingine ambalo wengi hawajalisikia. Zamani ilisemwa kwamba kutembea chini ya dakika kumi mfululizo hakuhesabiki. Sharti hilo limeondolewa. Dakika nne ni dakika nne, na huingia kwenye hesabu.

Kwa watu wa steji hiyo ni habari njema sana, kwa sababu muda wao huja vipande vipande. Gari linaposubiri zamu ya kupakia, dereva ana dakika kumi, pengine ishirini, na hurudia hivyo mara kadhaa kwa siku. Sasa hivi dakika hizo zinaliwa na drafti, simu na mahamri. (Drafti haina ubaya. Inaweza kuchezwa na mtu aliyekwisha kutembea.) Dereva wetu wa mfano anaweza kufunga mlango, kumwachia makanga gari, na kuzunguka soko kwa mwendo wa haraka hadi zamu yake ifike. Akifanya hivyo mara tatu, amepata nusu saa bila kuongeza hata dakika moja kwenye siku yake, na bila kukimbia.

Wapo watakaosema bila hatua elfu kumi kwa siku hakuna faida. Idadi hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilikuwa na maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa namba nzuri ya biashara. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia wanawake wazee wa Marekani uliona kwamba waliotembea wastani wa hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Anayefika elfu kumi hongera zake. Anayefika elfu tano asijione ameshindwa.

Kuanza si taabu. Taabu ni wiki ya tatu. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliotaka kujijengea tabia mpya ndogo, wengine kunywa maji, wengine kufanya mazoezi, kila mmoja akiifunga tabia hiyo kwenye jambo alilokuwa akilifanya kila siku, kama vile baada ya kifungua kinywa. Wastani wa siku zilizopita kabla jambo hilo halijaanza kujifanya lenyewe ulikuwa 66. Wepesi walichukua 18, na kwa wazito makadirio yalifika 254. Mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Na aliyeruka siku moja hakuharibu kitu. Tabia iliendelea kujengeka kama kawaida.

Hapo ndipo dereva wa Bamburi alipojionea vibaya bure. Siku ya goti na siku ya mvua hazikumvunja. Kilichomvunja ni kuzihesabu kama hukumu. Siku moja ikipotea, imepotea, na haidaiwi. Asijaribu kuilipa kesho yake kwa kutembea mara mbili, kwa maana goti litadai riba.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua zoezi, mtu aangalie kwanza ni kitu gani katika siku yake hakikosekani, kisha alifunge zoezi lake hapo. Kwa mwingine ni swala ya Alfajiri, anarudi nyumbani kwa njia ndefu. Kwa mwingine ni kivuko cha Likoni: mteremko wa kuingia na mlima wa kutoka, anaopanda bila kusimama badala ya kutafuta tuktuk. Kwa makanga, ngazi zake zipo tayari, basi asizikimbie kwa kukaa kiti cha mbele gari likiwa tupu.

Mama muuza chakula ana shida nyingine. Anasimama tangu alfajiri, miguu inamuuma jioni, na akiambiwa akatembee anacheka, tena ana haki. Lakini kusimama mbele ya jiko si kutembea, na mgongo unaouma mara nyingi huhitaji misuli yenye nguvu zaidi. Kwake yeye huenda kinachofaa kuanza nacho ni kuketi kwenye kiti na kuinuka bila kushika kitu, mara kumi, apumzike, kisha mara kumi tena. Au kusukuma ukuta kwa mikono akiwa amesimama hatua moja nyuma. Mtungi wa lita tano uliojaa maji una uzito wa kilo tano, na unatosha kuinuliwa badala ya vyuma vya jimu. Siku mbili kwa wiki. Kina mama wanaotaka kutembea alfajiri waende wakiwa kundi, njia yenye taa na watu. Buibui haizuii mwendo. Kinachozuia ni malapa, kwa hiyo pesa kidogo iliyopo iende kwenye viatu vilivyofungwa.

Wanaopenda ufuo wakumbuke kwamba bahari haina saa ya ukutani. Maji hubadilika kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo aliyejipangia saa kumi na mbili asubuhi kwenye mchanga mgumu Jumatatu, wiki ikizunguka atakuta maji yamejaa hadi ukutani. Huyo apange kwa kupwa na kujaa kama wavuvi, au awe na njia ya pili nchi kavu, kwa mfano ile ya Mama Ngina. Joto nalo si la kudharauliwa: jua likishapanda, zoezi lihamie kivulini au lingoje jioni. Mwezi wa Ramadhani unabadilisha kila kitu, na anayefunga anaweza kutembea polepole karibu na futari au kusubiri baada ya Tarawehe. Apunguze, lakini asiache mwezi mzima, kwa sababu kuanza upya Shawwal ni kugumu kuliko kuendelea.

Mambo machache ya usalama. Mwenye dawa za presha au sukari asiziache kwa sababu ameanza kutembea. Zoezi ni nyongeza ya dawa, na daktari ndiye wa kusema zipunguzwe. Anayejichoma insulini awe na kitu cha sukari mfukoni. Mwenye kisukari aangalie nyayo zake kila jioni, kwa kuwa kidonda anachoweza kukosa kukihisi ndicho humletea balaa. Na yeyote akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, asimame na atafute hospitali mara moja. Asingoje gari lijae kwanza.

Na dereva yule wa Bamburi? Akianza na mzunguko mmoja wa soko kwa siku, huku akiendelea na mengine aliyoambiwa na daktari, asitarajie presha kushuka wiki ijayo. Kinachoonekana mapema huwa ni usingizi mzuri na mgongo kupungua uzito jioni. Presha huchukua wiki nyingi. Ndiyo maana kupimwa ni muhimu: bila namba ya leo, hatakuwa na cha kulinganisha miezi mitatu ijayo.

Wahudumu wa afya ya jamii wana mashine za kupimia presha na sukari, na hufika hadi nyumbani. Leo wawili wapo pale kwenye meza chini ya mwarobaini. Kila atakayepimwa akae chini dakika tano kwanza, asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, na namba zake ataandikiwa kwenye kikaratasi akiweke ndani ya gari. Madereva ambao zamu yao ya kupakia imekaribia watangulizwe.