Watoto Wale Wako Wapi Leo?

Mazungumzo ya mratibu wa miradi na kamati za sharika, Karatu



Mwaka jana mfadhili mmoja alisimama nami mbele ya madarasa mawili tuliyojenga kwa msaada wake. Akasifu paa, akasifu madawati, kisha akauliza: "Watoto wa kwanza kusoma humu wako wapi leo?" Risiti zote za saruji nilikuwa nazo. Jibu sikuwa nalo. Kwa kuwa niliwahi kusoma uchumi, nikarudi kwenye vitabu.

Humo nilikutana na kazi za Joachim De Weerdt, mchumi Mbelgiji ambaye sehemu kubwa ya utafiti wake ameufanya Kagera. Mwaka 2000, katika kijiji cha Nyakatoke, Bukoba, kaya zote 119 ziliulizwa: ukipata shida, unamwendea nani? Ugonjwa ulipoingia nyumbani, chakula kililindwa na ndugu na majirani vizuri kuliko mahitaji mengine. Tena maskini ndiye aliyekuwa na watu wachache wa kuwaendea. Hilo hata sisi tunalijua bila chuo kikuu. Mchango wa hospitali humjia upesi mwenye ng'ombe.

Baadaye, pamoja na Kathleen Beegle na Stefan Dercon, alishika kazi ndefu zaidi. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Benki ya Dunia walikuwa wamehoji kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera, wakati UKIMWI ukimaliza wazazi. Mwaka 2004, na tena 2010, watu walewale walitafutwa, hata waliohamia mikoa mingine na Uganda. Katika kaya zaidi ya 9 kati ya 10 alipatikana angalau mtu mmoja.

Wakaona nini? Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walipungukiwa kimo kwa takriban sentimita 2, na shule kwa mwaka mmoja hivi. Wataalamu huita afya na elimu ya mtu "rasilimali watu". Msiba wa miaka ya tisini ulikuwa bado unapimika kwenye mwili wa mtu mzima, na asingeujua aliyepita mara moja tu kukagua jengo.

Mtaniambia watu wetu wanahama mno: vibarua wa vitunguu Mang'ola, vijana walioko Arusha, familia zilizotoka Ngorongoro kwenda Msomera tangu 2022. Ni kweli. Wa Kagera nao walihama.

Najua kamati mbili zinataka fedha zilizobaki ziende kwenye uzio. Siukatai uzio. Naomba kwanza nauli ya mtu mmoja kwa kila usharika, awatembelee watoto tuliowasaidia mara mbili kwa mwaka. Aandike kimo, darasa, kama mama yupo, na simu ya ndugu. Majina yabaki kwa katibu. Mfadhili apewe hesabu tu, maana mtoto si picha ya kuombea fedha.

Madaftari yako mezani kwa mweka hazina. Langu nimeshalianza. Mstari wa kwanza ni msichana wa yale madarasa mawili. Nimeambiwa yuko Mto wa Mbu, na Alhamisi nakwenda kumtafuta.