Kompyuta Inapokosa Sauti na Kuganda

Kompyuta iliyopoteza sauti si lazima iwe na virusi. Huenda waya wa spika umechomoka au programu ya kuendesha sauti imeharibika. Ikiganda, chanzo chaweza kuwa joto, vumbi au diski iliyojaa. Lakini dalili hizo zikiandamana na mafaili kutoweka baada ya kuchomekwa flashi ngeni, virusi hushukiwa kwanza.

Flashi hiyo isifomatiwe kwa haraka: mara nyingi vyeti na hati havikufutwa, vimefichwa tu. Kompyuta itengwe na intaneti, ikaguliwe yote kwa programu ya kukinga virusi, ndipo programu ya sauti isakinishwe upya. Maneno ya siri yabadilishwe kwenye kifaa kingine kilicho salama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.