MASWALI KABLA YA KUNG'OA JINO

(Hotuba waliyosomewa wanafunzi wa kazi ya kutunza meno, mbele ya machifu, walimu na wazee)



Nimeombwa niseme machache juu ya dawa, ganzi na chakula, jinsi mambo hayo matatu yahusuvyo kazi ya meno. Mimi si daktari, ni karani. Kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini karani wa hospitali ndiye mtu wa kwanza kukutana na mgonjwa, naye ndiye asikiaye manung'uniko yake. Na manung'uniko makubwa ni haya: "Nimekuja na jino, mbona waniuliza habari za moyo? Mbona waniuliza kama nina mimba? Mbona wataka kujua nimekula nini?" Wengine hukasirika, wakidhani kwamba siri zao zinachunguzwa. Wengine hujibu lolote tu, ili waruhusiwe kuingia upesi. Basi leo nataka kuonyesha kwamba kila swali lina sababu yake, na kwamba jibu la uongo laweza kumdhuru mtu kuliko jino lenyewe.

Kwanza, habari za ganzi. Zamani jino liling'olewa kwa nguvu tu, na mgonjwa akishikwa na watu wasije wakashindwa naye. Tarehe 11 Desemba 1844, katika mji wa Hartford, Marekani, daktari wa meno jina lake Horace Wells alivuta hewa iitwayo naitrasi oksaidi, akang'olewa jino lake mwenyewe bila kusikia maumivu. Tarehe 16 Oktoba 1846, daktari mwingine wa meno, William Morton, alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha katika mji wa Boston, na mgonjwa yule akapasuliwa uvimbe wa shingo hali amelala. Twaona, basi, kwamba kazi ya meno haikuwa nyuma katika kuwapunguzia watu maumivu, ilitangulia. Lakini hizo zilikuwa dawa za kumlaza mtu mzima mzima. Ganzi ya mahali pamoja ilijulikana mwaka 1884, Carl Koller wa Vienna alipoonyesha kwamba kokeini hutia jicho ganzi. Walakini kokeini ina sumu, tena humtia mtu utumwani. Hata mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lidokeini, nayo ndiyo itumiwayo sana mpaka leo.

Ganzi hii hufanyaje kazi? Neva za mwili ni kama nyaya za simu. Jino likiguswa, habari hupita katika neva mpaka kwenye ubongo, na hapo ndipo mtu asemapo, "Naumia." Habari hiyo husafiri kwa sababu chembe za sodiamu, ambayo imo hata katika chumvi tunayokula, huingia ndani ya neva kwa kupita katika vilango vidogo mno. Lidokeini huvifunga vilango hivyo kwa muda. Jino bado linaguswa, lakini habari haifiki ubongoni. Saa kadha wa kadha zikipita, damu huichukua dawa, vilango hufunguka, na hali hurudi kama kwanza. Ndiyo maana mtoto aliyetiwa ganzi hupaswa kuangaliwa mpaka iishe, maana aweza kuutafuna mdomo wake mwenyewe na asijue.

Sasa tuyatazame maswali yenyewe.

"Una uzito gani?" Kichupa kimoja cha ganzi aghalabu kina mililita 1.8, na kama lidokeini iliyomo ni asilimia 2, basi dawa yenyewe ni miligramu 36. Kipimo cha lidokeini isiyochanganywa na adrenalini kisizidi miligramu 4.4 kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili. Pigeni hesabu, enyi walimu: mtoto wa kilo 15 asipate zaidi ya miligramu 66. Vichupa viwili vina 72. Kwa hiyo vichupa viwili, ambavyo kwa mtu mzima si kitu, kwa mtoto huyo vimekwisha kupita mpaka. Dawa ikizidi, mgonjwa husikia mlio masikioni, na ulimi na midomo humwasha. Kisha aweza kushikwa na kifafa, na hata moyo kusimama. Mizani iliyo mlangoni haikuwekwa kwa mapambo.

"Una ugonjwa wa moyo, au shinikizo la damu?" Mara nyingi ganzi huchanganywa na adrenalini kidogo. Adrenalini huifinya mishipa ya damu, hata dawa ikakaa mahali pake muda mrefu zaidi, na damu ikapungua kutoka. Hiyo ni faida kubwa. Lakini adrenalini hiyo hiyo huuendesha moyo mbio. Mwenye moyo mzima hasumbuki. Mwenye moyo mgonjwa yapasa apunguziwe kipimo, au apewe ganzi ya namna nyingine. Daktari atajuaje, ikiwa mgonjwa ameficha? Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.

"Umekula nini, na saa ngapi?" Swali hili huwachekesha wengi, nalo lina pande mbili. Anayetiwa ganzi ya sindano na kubaki macho yafaa awe amekula, kwa kuwa njaa pamoja na hofu humwangusha mtu akazimia kitini. Zaidi sana mwenye kisukari: akijipiga sindano yake ya insulini asubuhi, kisha akakaa bila kula kwa sababu jino lamuuma, sukari ya damu itashuka, naye atatetemeka, atatoka jasho, na huenda akapoteza fahamu. Lakini anayekwenda kulazwa usingizi mzito, huyo yapasa akae saa 6 bila chakula kigumu, maana akitapika hali amelala, chakula chaweza kuingia mapafuni kikamwua. Basi mama amwoneaye mwanawe huruma na kumlisha ugali kwa siri alfajiri, huruma yake yaweza kumletea msiba.

"Jino limeanza lini?" Jino likiisha kufanya usaha, nyama ya mahali hapo huwa na uchachu, na uchachu huo huidhoofisha ganzi isiingie vema katika neva. Kwa hiyo aliyekawia mpaka shavu likavimba ndiye atakayeumia zaidi, kisha atasema kwamba daktari hajui kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Unatumia dawa gani?" Hili ndilo swali lijibiwalo vibaya kuliko yote. Mtu husema, "Situmii dawa," kumbe kila siku anameza aspirini. Aspirini huzuia damu isigande upesi. Kadhalika dawa iitwayo wafarini, nayo kwa nguvu zaidi. Daktari akijua mapema, hujitayarisha kuzuia damu. Asipojua, mgonjwa hurudi usiku kinywa kimejaa damu. Lakini angalieni: mtu asiache dawa aliyoandikiwa kwa shauri lake mwenyewe, maana kuiacha kwaweza kuleta hatari kubwa kuliko damu ya jino. Kazi ya mgonjwa ni kusema; kazi ya daktari ni kuamua. Dawa za mitishamba nazo zitajwe, wala asione haya mtu yeyote.

Kuna makosa mengine ya dawa yafanywayo nyumbani. Wako wawekao kidonge cha aspirini juu ya ufizi penye maumivu. Kidonge hicho huunguza nyama ikawa nyeupe kama iliyomwagiwa maji ya moto, na jino halikupona. Aspirini pia wasipewe watoto, kwa kuwa yaweza kuwaletea ugonjwa wa ubongo na ini, ambao ni wa nadra lakini ni mkali. Wako wamezao paracetamoli bila kuhesabu. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na anywaye pombe nyingi apunguze zaidi, kwa sababu ini ndilo lipatalo hasara. Wako wanunuao vidonge vya kuua vijidudu dukani, wakavimeza viwili vitatu, maumivu yakatulia, wakasema wamepona. Hawakupona. Tundu la jino limebaki wazi, na vijidudu vilivyosalia vimejifunza kuishinda dawa. Tena tetrasaiklini asipewe mtoto wa chini ya miaka 8 wala mwanamke mwenye mimba, maana huingia katika meno yanayojengwa, nayo yakatoka na rangi ya manjano au ya kahawia isiyosafishika. Mmeona, basi, sababu ya swali lile la mimba. Si udadisi wa karani.

Nakuja kwenye chakula, ambacho ndicho mwanzo wa habari yote. Kinywani mna vijidudu vinavyopenda sukari kama sisi tuipendavyo. Vikiipata huigeuza kuwa uchachu, na uchachu huo huyeyusha ngozi ngumu ya jino, ingawa hiyo ndiyo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili. Mate huuondoa uchachu polepole, katika muda wa nusu saa au zaidi, na kulirudishia jino madini yake. Sasa fikirini watu wawili. Mmoja hunywa chai yenye sukari wakati wa chakula, akamaliza. Wa pili ana kikombe hicho hicho, lakini hunywa kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Sukari ni sawa, lakini meno ya huyu wa pili hayapati nafasi ya kupumzika. Kadhalika mtoto alalaye na chupa ya chai tamu mdomoni. Usiku mate hupungua, na meno hulowa sukari mpaka kuche.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote tuzipatazo katika chakula. Na ni afadhali zaidi isizidi nusu ya hapo, yaani vijiko vidogo 6 hivi kwa mtu mzima kwa siku. Atiaye vijiko 3 katika kikombe, vikombe viwili tu vimemfikisha.

Tena chakula chaweza kudhuru kwa kukosekana. Mwaka 1747, katika meli iitwayo Salisbury, daktari James Lind aliwachukua mabaharia 12 waliokuwa na fizi zilizooza na mwili uliolegea, akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Walikosa kile tukiitacho leo vitamini C. Kwetu mapera, machungwa na mboga za majani vyaipatikanisha. Lakini mboga ikichemshwa mno, sehemu kubwa hupotea. Simaanishi kwamba kila ufizi utokao damu umekosa machungwa. Mara nyingi umekosa mswaki. Ndiyo maana msaidizi wa meno hutazama uchafu, kisha akauliza chakula, wala haachi hata kimoja.

Ninyi wanafunzi, nawaomba jambo moja. Ulizeni kwa adabu, na mahali pa faragha. Mama hawezi kujibu habari za mimba mbele ya mkwewe, wala mzee hatasema habari za kifafa mbele ya wajukuu. Ukiuliza kwa sauti kuu utajibiwa uongo, na uongo huo utauandika kwa wino mzuri, nao utamdhuru mtu.

Ninyi Machifu na wazee, waambieni watu barazani kwamba aendaye kutibiwa jino achukue pakiti na vichupa vya dawa zote anazotumia, hata kama hajui kusoma majina yake. Ninyi walimu, wafundisheni watoto kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, na kula vitamu pamoja na chakula badala ya kutwa nzima.

Kuuliza si ujinga, na kujibu kweli si aibu.