Wanaosubiri Langoni



Katika Injili ya Dominika hii (Mathayo 20:1-16) Bwana wetu anatueleza habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta vibarua. Alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Hata saa kumi na moja, jua likielekea kuzama, aliwakuta wengine wamesimama bila kazi. Alipowauliza sababu, hawakujitetea kwa maneno mengi. Walisema tu kwamba hakuna aliyewaajiri.

Sisi tunaokaa Mabatini twawafahamu watu hao. Ni vijana wetu wanaoshuka mlimani kabla ya mapambazuko kwenda kusimama kwenye malango ya viwanda vya samaki. Mwenye bahati huitwa. Mwingine hurudi mikono mitupu, naye hupokewa kwa neno moja: mvivu. Je, tumepata kuuliza kwa nini hakuitwa?

Viwanda vya minofu ya sangara vilienea Mwanza katika miaka ya 1990. Tusikose shukrani: viliwapa wengi ajira, na wavuvi wakapata soko. Lakini minofu hiyo ilikwenda kuliwa Ulaya, na bei yake ilitegemea walaji wa huko. Mama aliyezoea kununua sangara mzima ufukweni, akamkaanga na kumwuza, hakuweza kushindana na kiwanda. Akabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyokwisha kuondolewa minofu. Biashara iliyomfungulia mmoja mlango ilimfungia mwingine.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya sumu iliyosemekana kutumiwa katika kuvua. Mlaji ana haki ya chakula salama, na avuaye kwa sumu humtendea jirani yake dhambi. Lakini mzigo ulimwangukia nani? Viwanda vilipunguza kazi, bei ya samaki ikashuka, na kibarua asiyewahi kugusa sumu akakosa riziki. Mwaka 2000 samaki wa Tanzania waliruhusiwa tena. Lakini ujira wa siku zile, nani aliurudisha?

Ndiyo maana Papa Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba uhuru wa biashara peke yake hauleti haki pale ambapo wanaopatana hawalingani kwa nguvu. Na kabla yake, mwaka 1891, Papa Leo XIII alikwisha kutuonya kwamba ujira hauwi wa haki kwa sababu tu mfanyakazi ameukubali. Mwenye njaa hukubali lolote.

Sasa tumtazame tena yule mwenye shamba. Aliyefanya kazi saa moja alimlipa dinari nzima. Kwa nini? Kwa sababu watoto wa kibarua huyo hawali chakula cha saa moja. Wanakula chakula cha siku nzima. Mwenye shamba alipima kazi, akapima pia uhai wa mtu.

Wapendwa, bei za Ulaya hatuzipangi sisi. Lakini ujira wa msichana anayetulelea watoto twaupanga sisi. Mgawo wa wavuvi katika mtumbwi wetu twaupanga sisi. Nyavu haramu zinazomaliza samaki wachanga, na pamoja nao kazi ya kesho, zimo mikononi mwetu. Tukimlaumu mnunuzi wa mbali huku tukimpunja kibarua wa karibu, tutajibu nini mbele ya Mungu?

Juma hili, kila jumuiya ndogo ndogo imtafute mmoja ambaye hakuitwa langoni. Tusingoje aje kuomba. Mwenye shamba alitoka mwenyewe, mara tano. Tumwulize habari zake, tumshirikishe tulicho nacho, na tukisikia palipo na kazi, tumwite.

Ee Bwana, uliyewaita wavuvi ufukweni, uwakumbuke wanaosubiri, nasi utupe moyo wa kutoka kuwatafuta. Amina.