Pikipiki ya Marehemu na Kipande Kilichopotea



Leo sina habari ya bei ya sukari wala ya mvua. Nataka tuzungumze juu ya pikipiki moja kuukuu, Honda 50, iliyolala uani kwetu Temeke miaka mingi, imefunikwa gunia, kuku wakiifanya ngazi ya kupandia paani. Ilikuwa mali ya marehemu baba, aliyekuwa bwana afya. Kwa pikipiki hiyo alikwenda kazini, na kwa hiyo hiyo alitupeleka shule.

Siku moja akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Akaitazama, akataja bei. Dada yangu alikuwa amekwisha kubali, maana pikipiki isiyotembea ni mzigo kama mzigo mwingine. Lakini mwanawe, kijana wa miaka 22 mwenye kibarua karibu na bandari, akaja kwangu mbio. "Mjomba, msiiuze. Nipeni mimi niifufue, niwe naendea kazini." Nikamwunga mkono. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Ilichukua miezi saba.

Kwanza, ndugu msikilizaji, tuifahamu mashine yenyewe. Jamii hii ya pikipiki, iitwayo Super Cub, kiwanda cha Honda kiliitoa Japani mwaka 1958. Ilipofika mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Hakuna chombo kingine cha moto kilichotengenezwa kwa wingi namna hiyo. Hiyo ya baba ni C50, aina iliyoanza mwaka 1966. Injini yake ni sisi 49 tu, ina silinda moja iliyolala kuelekea mbele, ina gia tatu, na haina mkono wa klachi. Unakanyaga gia kwa mguu, klachi inajishughulikia yenyewe. Ni mashine nyepesi, haili petroli, na fundi akiifungua haoni kitu cha kumtisha.

Lakini mashine kuwa rahisi ni jambo moja, na mashine kuwa kamili ni jambo jingine. Hii yetu ilikuwa imenyonyolewa kama kuku wa sikukuu. Kila aliyepita uani mwetu akiwa na shida ya nati alichukua nati.

Mpwa wangu alipopata mshahara wake wa kwanza baada ya makubaliano yetu, alifanya nini? Alinunua rangi nyekundu, vioo viwili vya pembeni na kava jipya la kiti. Akaipiga rangi, ikang'aa. Tukaipakia kwenye mkokoteni mpaka Gerezani, kwa mzee mmoja ambaye amefungua injini za pikipiki tangu sisi tukiwa watoto. Kijana akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia, akaizunguka pikipiki mara mbili, kisha akacheka. "Mmemvalisha mgonjwa suti kabla ya kumpeleka hospitali."

Halafu akauliza kama tuna daftari. Hatukuwa nalo. Akatutuma dukani tukalinunue kabla hajashika spana.

Katika daftari hilo alituagiza tugawe ukurasa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, vilivyopo na ni vizima. Ya pili, vilivyopo na ni vibovu. Ya tatu, visivyopo. Kazi hiyo peke yake ilituchukua Jumamosi mbili. Tulipomaliza, sehemu ya tatu ilikuwa na vitu 23, kuanzia kikombe cha chini cha kabureta mpaka kifuniko cha mnyororo.

Mzee akatueleza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Kibovu, alisema, kina faida moja: kinaonesha kilivyokuwa. Unakwenda nacho Kariakoo, unakiweka juu ya kaunta, muuzaji anakigeuzageuza, anakuletea mwenzake. Lakini kisichokuwapo utakiweka nini juu ya kaunta? Utaeleza kwa mikono hewani. Na anayenunua kwa kueleza kwa mikono hurudi nyumbani na kitu kingine.

Ikatukuta hivyo hivyo. Duka moja lilimwuzia mpwa wangu kabureta nzima, akaambiwa inaingia kwenye Honda ndogo zote. Haikuingia. Alipoirudisha akaoneshwa maandishi ukutani kwamba mali iliyouzwa hairudi. Mshahara wa nusu mwezi ukapotea.

Baada ya hapo tukafuata njia ya mzee. Kwanza, soma namba ya injini. Ikianza na C50E, basi ni ya hamsini. C70 na C90 ni ndugu zake, lakini si pacha wake, na siyo kila cha ndugu kinaingia. Pili, pima tundu au bolti iliyobaki, maana kitu kikiondoka huacha alama mahali kilipokaa. Tatu, tafuta pikipiki nzima ya aina ile ile, umwombe mwenyewe uitazame na kuichora. Zipo injini nyingi za Kichina zilizofuata umbo la hizi za Honda, na baadhi ya vipuri vyake vinafaa. Lakini pima kwanza, ulipe baadaye.

Injini yenyewe ilikuwa imeshika, pistoni haikusogea. Kijana alitaka kuipiga nyundo. Mzee akamnyang'anya nyundo. Akamimina oili kidogo na dizeli katika tundu la plagi, akatuambia turudi wiki ijayo. Tuliporudi akaizungusha kwa spana, kidogo kidogo, bila haraka, mpaka ikaachia. Silinda ilikuwa na kutu, akaipeleka kukerezwa, ikapata pistoni iliyoongezwa nusu milimita. Gurudumu la sumaku alilivuta kwa pula yake, siyo kwa kuligonga, kwani ukiligonga unaweza kupindisha shafti. Platini akazisugua kwa msasa laini, akaziwekea nafasi kati ya milimita 0.3 na 0.4, akahakikisha zinaanza kuachana pale alama ya F inapofika kwenye mstari wake. Jeti za kabureta akazipuliza kwa upepo. Waya hakutia. Alisema jeti ikichokonolewa kwa waya inapanuka, na ikipanuka pikipiki inakuwa mlevi.

Naam, ndugu msikilizaji, sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nizungumze leo.

Ilipofika mwezi wa sita, orodha ya visivyopo ilikuwa imebaki na vitu vichache. Kimoja ni kipande cha chuma bapa, chenye tundu kila upande. Kazi yake ni kuishika sahani ya breki ya nyuma isizunguke. Ukikanyaga breki, viatu vya breki vinatanuka na kubana ndani ya hapu inayozunguka. Hapu nayo inataka kuzunguka na kila kinachoigusa. Kile kichuma ndicho kinachoizuia sahani. Kikikatika, sahani inazunguka pamoja na gurudumu, fimbo ya breki inajisokota, gurudumu linaweza kukwama ghafla, na mpandaji anajikuta chini.

Mpwa wangu alikuwa amechoka kusubiri. Akakata kipande kutoka fremu ya kitanda kibovu, akakitoboa, akakipaka rangi nyekundu ifanane. Akakileta kwa furaha. Mzee akakikunja kwa mikono yake miwili, kikakunjika.

"Hiki sifungi," akasema.

"Lakini Babu, pikipiki ngapi mjini hapa zinakwenda hivi hivi?"

"Nyingi, mjukuu wangu. Na wodi ya mifupa nayo ina watu wengi."

Kijana akanuna. Akaniambia pembeni, "Mjomba, twende kwa fundi mwingine, kazi ya kufunga tu ni dakika kumi." Nakiri mbele yenu kwamba nilishawishika. Fedha zilikuwa zimekwisha, na dada yangu alikuwa akiuliza kila siku pikipiki iko wapi. Nikamwendea mzee, nikamwuliza kwa heshima: mbona kifuniko cha mnyororo ulikubali tukate kwa bati? Mbona gaskiti ulikata mwenyewe kwa karatasi yake? Mbona kiti tulishona kwa turubali? Kwa nini hiki ukatae?

Akanijibu kwa swali. "Kile cha bati kikivunjika, kutatokea nini?"

Nikasema, pikipiki itapiga kelele.

"Na hiki kikivunjika?"

Nikanyamaza. Barabara ya kutoka kwetu mpaka bandarini ni barabara ya malori.

Hilo, ndugu msikilizaji, ndilo somo zima. Sisi ni watu wa kubuni, na hatuna sababu ya kuona haya. Bila ubunifu wa mafundi wetu, nusu ya vyombo vyetu vingekuwa vimekwisha pimwa kwenye mizani ya chuma chakavu. Lakini ubunifu una mpaka wake, na mpaka huo haupimwi kwa bei wala kwa ukubwa wa kitu. Unapimwa kwa swali moja: kikivunjika, nini kitatokea? Ikiwa pikipiki itasimama tu, buni utakavyo. Ikiwa mtu ataanguka, tafuta kitu chenyewe, na kama hakijapatikana, subiri. Breki, ekseli, spoku, beringi za usukani, hivyo havina mbadala wa kitanda.

Tukasubiri. Na sasa nitawachekesha. Jioni moja dada yangu alikuwa akifunga banda la kuku, mpwa wangu amekaa kwenye kigoda amejiinamia. Akainua macho, akaliona komeo la banda. Chuma bapa, tundu kila upande. Akaruka. Miaka yote hiyo kile kichuma kilikuwa kikilinda kuku, hatua sita kutoka pikipiki ilipolala!

Tukakimbia nacho Gerezani. Mzee akakitazama, akatikisa kichwa. Kilikuwa kimeliwa na kutu, na tundu zake zimepanuliwa na misumari. Hakikufaa kufungwa. Lakini sasa tulikuwa na kitu cha kuweka juu ya kaunta. Siku ile ile, katika duka la tatu, tukapata mwenzake. Kwa hiyo nawe, kabla hujazunguka mjini, zunguka kwanza uani kwako. Waulize wa nyumbani nani alichukua nini.

Jumamosi iliyofuata mzee akatia petroli, akamwachia kijana apige kiki. Ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tano ikakohoa, ya saba ikawaka. Dada yangu alipousikia mlio ule akaketi chini barazani. Alisema baba amerudi kazini.

Je, mpwa wangu anaiendea kazini? Bado. Katika daftari limebaki jambo moja, la 23, lisilouzwa Kariakoo. Kadi ya pikipiki tuliikuta katika sanduku la bati, ina jina la marehemu. Ili ihamie kwa kijana, lazima kwanza awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na sisi ndugu tulikuwa hatujakaa pamoja juu ya jambo hilo tangu baba azikwe. Sasa tumekaa. Tumefungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Kichuma cha breki tulikingoja, na kadi tutaingoja.

Mpaka hapo kijana anaiwasha kila jioni, anaiacha ingurume dakika chache, kisha anaizima na kuifunika. Kuku wamehamia kwenye mwembe. Na komeo la zamani limerudishwa bandani, kwa kuwa hiyo ni kazi lililobaki nayo nguvu.