TUPANGE BUSTANI YA PILIPILI KABLA MVUA HAIJAFIKA

(Mazungumzo yaliyotolewa na wakulima wa bustani wa Muheza, mkoa wa Tanga, mbele ya wahitimu wa kisomo, mwezi wa Desemba.)

 

Sisi mnaotuona hapa mbele ni watu wanane, akina mama watano na akina baba watatu. Sote tulijifunza kusoma na kuandika tukiwa watu wazima, na wengine wetu tayari tulikuwa na wajukuu. Hatukuja kuwafundisha kama mabwana shamba. Tumekuja kuwaeleza tulivyoharibu, na tulivyojirekebisha.

Msimu mmoja wa masika tulikopa fedha katika mfuko wetu ili tulime pilipili nyumbani. Tulingoja mpaka mvua ilipopiga, ndipo tukakimbilia dukani kununua mbegu. Pakiti hatukuisoma. Mbegu zote tukazimwaga kwenye kitalu kimoja, mahali palepale tulipokuwa na nyanya. Zikaota, zimesongamana kama nywele za kichwani. Tukafurahi!

Haikupita wiki mbili, miche ikaanza kulala chini. Ukiitazama, shina limeoza usawa wa udongo. Ugonjwa huo ndio kinyausi. Ile michache iliyopona tukaihamisha. Nayo ikanyauka ghafla, majani yangali mabichi. Wahenga walisema, pilipili usiyoila yakuwashiani? Basi yetu ilituwasha kabla hatujaila. Deni likabaki. Mwenzetu mmoja alikuwa amemwahidi mtoto wake sare mpya, na mtoto akafungua shule na sare ya kiraka.

Tukakaa chini tukaulizana: sisi sote tunajua kuandika, je, ni nani aliyeandika lolote juu ya bustani hii? Hakuna. Kalamu tulizipata kisomoni, tukaziacha kisomoni. Siku hiyo tukanunua daftari moja. Sasa tunawasomea yaliyomo.

Ukurasa wa kwanza: Siku

Hesabu ya pilipili huanzia mwisho na kurudi nyuma. Kwetu huku masika huanza mwezi wa Machi. Tukaandika: "Machi 20, kuhamisha miche." Miche hukaa kitaluni kama wiki sita. Tukahesabu wiki sita kurudi nyuma, tukaangukia Februari 6. Hiyo ndiyo siku ya kusia mbegu. Basi kitalu kiwe tayari mwisho wa Januari, na mbegu ziwe mkononi kabla ya hapo. Mnaona? Yule anayengoja mvua ndipo anunue mbegu, amekwisha chelewa wiki sita.

Kisha tukahesabu kwenda mbele. Tangu kuhamisha hadi kuchuma mara ya kwanza ni miezi miwili na nusu hadi mitatu. Kwa hiyo fedha ya kwanza isitegemewe kabla ya mwezi wa Juni. Mtu asikope deni la kulipa mwezi wa Aprili akisema nitalipa kwa pilipili.

Ukurasa wa pili: Pilipili ipi?

Jambo hili lina mtego. Kwetu hapa pilipili hoho ni ile kubwa isiyowasha. Huko Unguja wengi huiita pilipili boga. Na katika kamusi za zamani, pilipili hoho ni ile inayowasha! Kwa hiyo dukani usitaje jina tu. Tazama picha, soma maneno, soma na tarehe ya mwisho ya kutumia mbegu.

Pilipili mbuzi ni ile yenye mikunjo na harufu nzuri, na ukali wake mnaujua. Pilipili kichaa ni ile ndogo inayotazama juu. Hizi mbili hukawia kuota, pengine wiki tatu, basi msikate tamaa. Hoho huota mapema zaidi, kama siku 7 hadi 14. Pilipili kichaa ikitunzwa huweza kuzaa zaidi ya mwaka mmoja, basi ipewe pembe yake ambayo haitalimwa tena karibuni.

Na mbegu za kujiwekea je? Hapo nako tuliaibika. Tulikuwa tumepanda hoho kando ya pilipili ndefu kali. Nyuki hawana mpaka, huchukua unga wa ua hili wakautia kwenye ua lile. Matunda ya mwaka ule yalikuwa ya kawaida. Lakini mbegu zake tulipozipanda mwaka uliofuata, baadhi ya hoho ziliwasha. Mama mmoja aliyenunua akarudi na fungu mkononi: "Jamani, mmeniuzia nini? Mtoto analia!" Tukamrudishia fedha yake. Tangu siku hiyo, mbegu ya kuweka huchumwa kwenye mche ulio mbali na jamii nyingine ya pilipili, mche wenye afya, tunda likiwa limeiva kabisa. Na pakiti ikiandikwa mbegu chotara, mbegu za matunda yake hatuziweki. Hazitazaa sawa na mama yao.

Ukurasa wa tatu: Mahali na idadi

Pilipili, nyanya, bilinganya, viazi mviringo na tumbaku ni ndugu wa ukoo mmoja. Magonjwa yao nayo ni ya ukoo. Ule mnyauko wetu ulikuwa ukitungojea katika udongo wa nyanya. Kwa hiyo tunachora ramani ya bustani kila msimu, tunaandika palipandwa nini. Mahali walipokaa ndugu hawa tunawapa mahindi, maharage au mchicha, na pilipili hairudi hapo mpaka miaka mitatu ipite. Mahali pawe na jua, na maji yasituame. Pilipili hupenda maji lakini haipendi kusimama majini.

Sasa idadi. Tuseme una kieneo cha mita 6 kwa mita 3. Mistari ikiachana sentimita 60, utapata mistari 5. Mche na mche sentimita 45, utapata miche 13 katika kila mstari. Tano mara kumi na tatu ni 65. Basi! Ukisia mbegu 90 au 100 zinatosha, maana si zote zitakazoota. Sisi mwaka ule tulikuwa na miche zaidi ya 300 kwa mahali kama hapo.

Katika kila shimo tia viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Wala usizidishe mbolea ya kukuzia, utapata majani ya kupendeza na matunda ya kuhesabu.

Ukurasa wa nne: Nani atachota maji?

Ukurasa huu ndio uliotuletea ubishi majumbani. Siku za jua, kila mche ukipewa lita moja, miche 65 hunywa lita 65. Hizo ni ndoo tatu za lita 20, na bado lita tano. Ndoo hizo atazitwika nani? Zamani hatukuandika, na kila asiyeandikwa alikuwa mama. Sasa majina yameandikwa kwa siku: Jumatatu baba, Jumanne mama, Jumamosi vijana. Baba mmoja wetu alipobeba ndoo tatu siku ya kwanza, jioni yake mwenyewe akaenda kukata majani makavu ya kutandaza chini ya miche, ili udongo usikauke upesi. Mnacheka? Hata yeye anacheka sasa.

Andikeni pia nani atajenga uzio. Msidhani ukali utawazuia kuku. Ndege hawasikii ukali wa pilipili kama sisi. Kuku atadonoa, tena atachakura.

Kazi ya kitalu

Kitalu tunakifanya mahali papya, kimeinuliwa kidogo ili maji yapite. Tunachora mifereji midogo, kina chake kama sentimita 1, tunadondosha mbegu mojamoja, tunafunika kidogo na kutandaza nyasi. Zikichomoza tu, nyasi tunaziondoa, tunaweka kichanja cha kivuli. Maji tunamwagilia asubuhi, ili udongo usilale umelowa. Miche ikisongamana, tunapunguza bila huruma. Wiki ya mwisho tunapunguza maji na kivuli, miche ikomae. Tunaihamisha jioni.

Anayevuta sigara au kutumia ugoro anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche, maana tumbaku hubeba ugonjwa wa batobato. Na tunapopita bustanini tunafunua majani kwa chini, huko ndiko vidukari hujificha.

Ukurasa wa tano: Nani atakula, nani atanunua?

Nyumba moja haiwezi kumaliza pilipili za miche 65. Kwa hiyo kabla ya kusia tuliwauliza mama ntilie na wenye genge: mnataka ipi, na kwa wiki kiasi gani? Tukaandika. Tukagawana: hawa walime mbuzi, wale hoho, tusije tukafika sokoni wote na kitu kimoja siku moja. Ziada ya pilipili kali tunaianika juu ya kichanja, kwenye mkeka safi. Tusianike chini, wala tusiiweke kabla haijakauka vizuri. Ikishika ukungu hupata sumukuvu, na hiyo si ya kula wala ya kuuza.

Matokeo je? Hatukutajirika. Lakini msimu uliofuata deni lililipwa lote, na yule mtoto alifungua shule na sare mpya. Katika ukurasa wa mwisho mama yake aliandika kwa mkono wake mwenyewe: "Deni limekwisha." Maneno mawili tu. Tunapenda kuyasoma.

Ndugu zetu, huu ni Desemba. Jembe bado halihitajiki, kinachohitajika leo ni kalamu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mvua za kupandia huanza lini kwenu? Hesabuni wiki sita kurudi nyuma. Ni tarehe gani?
2. Pimeni bustani zenu. Itaingia miche mingapi?
3. Nyumbani kwenu, nani atachota maji? Yeye mwenyewe ameulizwa?